Kina cha filamu: nani anamficha nani?

Tamthilia ikiisha jioni, mjadala kijiweni hauchelewi kuwaka. Mmoja atasema hii muvi ni nzito, ina mambo ya ndani. Akiulizwa mambo gani, atataja ile pembetatu iliyoonekana ukutani nyuma ya steringi: Freemason hao, hamjui tu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyekaa pembeni, fasihi ya kidato cha sita bado iko kichwani, atasema hapana, lile gauni jekundu ndilo lenye ujumbe, ni ishara ya damu. Wa tatu atawakatisha wote wawili: mwandishi mwenyewe hakuwaza hayo, mnampa sifa za bure.

Kwa wanaoandika, hali si nzuri zaidi. Dodoma ya leo ina vijana wengi wenye skripti kwenye simu: tamthilia fupi za YouTube, filamu za kupeleka mashindanoni, hadithi zinazosubiri prodyuza wa Dar es Salaam azisome. Jibu wanalorudishiwa mara nyingi ni lile lile: stori iko bapa, iwekee kina. Kina kinawekwaje, haelezwi mtu. Basi kijana anaongeza mganga, anaongeza ndoto, anaongeza kisengere nyuma, yaani kipande cha kurudi zamani, cha utotoni, chenye rangi ya kijivu. Stori inabaki bapa vile vile, ila sasa ni ndefu.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Ploti ni mpangilio wa matukio, pamoja na sababu ya tukio moja kuzaa jingine. Mhusika ni mtu wa kwenye hadithi, pamoja na anachokitaka na anachokiogopa. Mandhari ni mahali na wakati. Mpwapwa si Msasani, na Novemba si Machi. Tabaka la ndani ni jambo ambalo ni kweli ndani ya hadithi, wahusika hawalisemi, lakini ndilo linalowasukuma kusema wanayosema na kutenda wanayotenda. Na mtazamaji anaweza kulifikia kwa kutazama na kusikiliza tu, bila kupewa ufunguo kutoka nje ya filamu.

Pima ile pembetatu kwa kipimo hicho. Inamsukuma nani kufanya nini? Ukiibandua ukutani, kuna sini, yaani onyesho, itakayobadilika? Kama hakuna, basi ni pambo la aliyepanga seti, au ni mali ya mwenye nyumba iliyokodiwa kwa siku mbili. Gauni jekundu nalo lipime hivyo hivyo. Kama dada aliyelivaa alikatazwa na mumewe asilivae tena, na leo kalivaa, hapo kuna jambo. Kama kalivaa kwa sababu linapendeza kwenye kamera, mwanafunzi wetu ameota.

Aliyekulia vijiji vya Bahi au Chamwino amelijua hili akiwa na ndoo mkononi. Kiangazi korongo linageuka mchanga mtupu. Ng'ombe wanavuka, baiskeli zinavuka, na mgeni anaweza kupita akaapa kwamba hapa hapajawahi kuwa na mto. Mwenyeji anajua pa kufukua, na maji yanajaa taratibu ndani ya shimo. Maji hayo yalikuwapo kabla ya jembe. Na yule mgeni aliyepita juu bila kufukua naye amevuka salama, hakuna aliyemzuia njiani. Filamu yenye tabaka la ndani inapaswa kumtosha hata mtu aliyekuja kutazama huku anamenya karanga. Ikimkwamisha huyo, mwandishi hajaweka kina, amechimba shimo katikati ya njia.

Mkanganyiko wote, kwa maoni yangu, unatokana na swali ambalo waandishi wanajiuliza: nimfiche nini mtazamaji? Swali hilo linazaa mafumbo ya kubahatisha. Ulizeni hivi: ndani ya hadithi, nani anamficha nani, na kwa nini? Mtazamaji hafichwi. Ndiye shahidi, anakaa mahali anapoona mkono wa kila mmoja chini ya meza.

Sini moja, iliyoandikwa mara mbili

Tuchukue hadithi ya kubuni. Mzee Ndahani ana shamba nje kidogo ya jiji, kwenye barabara ya kwenda Morogoro, upande ambako Mji wa Serikali wa Mtumba umejengwa na kila mwenye pikipiki amegeuka dalali wa viwanja. Binti yake, Sechelela, anafanya kazi Dar es Salaam. Amekuja na karatasi za mauziano ndani ya mkoba. Baba hataki kuuza. Ni Novemba, mvua bado.

Skripti nyingi zinazozunguka mikononi mwa vijana zingeandika sini hiyo hivi:

SECHELELA: Baba, uza hili shamba. Maisha yamebadilika, na mimi nina madeni.
MZEE: Siwezi kuuza ardhi ya mababu. Ninyi vijana mmesahau mila.
SECHELELA: Baba, hunielewi!

Hapo hakuna kosa la lugha, wala hakuna uongo. Ila mtazamaji hana kazi, kila kitu amekabidhiwa. Na kuna tatizo jingine ambalo mtu wa huku ataliona mara moja: binti aliyelelewa Ugogoni hamkabili baba yake namna hiyo, uso kwa uso, vumbi la safari halijamtoka miguuni. Kuna salamu kwanza, kuna maji ya kunywa, kuna habari za nyumbani na za mifugo. Adabu yenyewe inamlazimisha azunguke. Hazina yote ya sini hii imo katika mzunguko huo, na mwandishi ameuruka.

Sasa tuwape kazi ya mikono. Mzee anaziba zizi la mbuzi kwa matawi ya miiba. Sechelela amesimama kando, mkoba begani.

MZEE: Shika hapa.
(Sechelela anauweka mkoba juu ya jiwe, anaupangusa, kisha anashika tawi kwa ncha za vidole.)
SECHELELA: Baba, si ungemwita kijana akusaidie?
MZEE: Kijana si huyu kashika.
SECHELELA: Na huu uzio unafika muda gani?
MZEE: Ule wa kwanza ulikwenda miaka miwili. Huu nimeuongezea mgunga.
(Kimya.)
SECHELELA: Mbuzi wenyewe wamebaki wangapi, baba?
MZEE: Watazaa. Vuta.

Hakuna aliyetaja shamba. Hakuna aliyetaja pesa. Lakini kama sini iliyotangulia ilituonyesha zile karatasi, kila sentensi hapa ina uzito. Swali la mbuzi wangapi maana yake ni: unang'ang'ania nini hapa? "Watazaa" ni jibu la hapana, hapana ngumu kuliko ile ya ardhi ya mababu, kwa sababu mzee amejibu kwa miaka ijayo. Na "vuta" ni ukatili mdogo wa mzazi: anamfanya binti aliyekuja kuuza boma asaidie kulizungushia uzio. Wakati huo huo tabaka la juu linajitosheleza. Zizi limetoboka, linazibwa. Anayemenya karanga hajapotea.

Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa maigizo wa Moscow, aliwafundisha waigizaji wake zaidi ya miaka mia moja iliyopita watafute mtu anamfanyia nini mwenzake kwa maneno yake, badala ya kuyatamka maneno kwa madaha tu. Anabembeleza? Anatisha? Anapima kina cha maji? Mwandishi anaweza kulifanya zoezi hilo kabla mwigizaji hajaajiriwa. Pembeni ya kila mstari wa mazungumzo andika kitenzi kimoja. Ukikuta mistari mitano mfululizo kitenzi chake ni "anaeleza", sini imekufa.

Lakini angalieni jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Ukiziondoa karatasi katika sini iliyotangulia, maongezi haya yanakuwa ya mbuzi tu, tena ya kuchosha. Tabaka la ndani linajengwa na kinachoonekana kabla. Kuna simulizi mashuhuri kuhusu Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kirusi wa miaka ile sinema bado haina sauti. Alichukua kipande kilekile cha uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mtulivu usioonyesha kitu, akakiunganisha na bakuli la supu, halafu na maiti ndani ya jeneza, halafu na mwanamke. Watazamaji wakamsifu mwigizaji: angalia alivyo na njaa, angalia majonzi, angalia tamaa. Uso ulikuwa ule ule mara zote tatu. Supu na jeneza ndivyo vilivyoigiza.

Kwa hiyo ukitaka uso wa Sechelela useme kitu, usimwandikie machozi. Panga anachokiona kabla na anachokiona baada.

Hadithi ya pili iliyo chini ya hadithi

Kwenye ploti, tabaka la ndani ni hadithi nzima ya pili inayotembea chini ya ile inayoonekana. Juu tuna binti anayembembeleza baba yake auze shamba. Chini yake, Sechelela ameshapokea sehemu ya pesa kutoka kwa mnunuzi, na ameshazitumia. Baba hajui. Mnunuzi naye hajui kwamba baba hajui.

Ona yanayotokea papo hapo. Kila ombi la Sechelela linapata haraka ambayo hawezi kuieleza. Simu ikitetemeka mkobani wakati mikono yake yote miwili imeshika miiba, tunajua ni nani anapiga, na tunajua kwa nini hafurahi wala hakasiriki, ameganda tu. Upole wa baba unageuka mateso: akimpakulia mlenda zaidi na kumwambia kula, umekonda, kila tonge ni deni.

Njia ninayoipendekeza inachosha, lakini sijaona ya mkato. Hadithi ya chini iandikwe kwanza, kwa ukamilifu, kwenye karatasi yake, na tarehe zake. Machi amekopa. Agosti kakutana na mnunuzi. Septemba kapokea pesa za kwanza. Oktoba simu zimeanza. Novemba yuko zizini. Sehemu kubwa ya karatasi hiyo haitaingia kwenye filamu hata kwa sekunde moja, lakini mwandishi akishaijua, hata mahali pa kuweka mkoba panajiamua penyewe. Kwa nini Sechelela kauweka juu ya jiwe, na kuupangusa, badala ya kuutupa chini kama mtu aliyerudi kwao? Kwa sababu ndani yake kuna karatasi ambayo yeye ameshaitia sahihi.

Wengi huchanganya hili na kupindua meza mwishoni. Dakika ya tisini inafichuka kwamba Sechelela si mtoto wa mzee. Ukumbi unapiga kelele, mwandishi anajiona fundi. Fanya jaribio. Itazame filamu mara ya pili ukiwa umeshalijua lile la mwisho. Kama sini za mwanzo zinakuonyesha kitu kingine, kama unajiambia kumbe ndiyo maana alisita pale mlangoni, hapo pana tabaka. Kama sini za mwanzo ziko vile vile, umeshtuliwa tu, na mshtuko unafanya kazi mara moja.

Mzee na mlango wake

Mhusika ana anachokisema, anachokitaka, anachokificha, na asichokijua kuhusu nafsi yake. Waandishi wengi huishia kwenye la tatu. La nne ndilo linalomfanya mtu wa kwenye skrini afanane na watu tunaoishi nao.

Mzee Ndahani anasema ni ardhi ya mababu. Si kweli. Mwaka 1971 serikali iliendesha Operesheni Dodoma: Wagogo waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika walikusanywa na kuwekwa kwenye vijiji vya ujamaa, miaka michache kabla ya kampeni hiyo kutanda nchi nzima. Ndahani wa hadithi yetu alikuwa na miaka 12. Ardhi ya mababu ilibaki nyuma. Hapa anapoishi ni mahali familia yake ilipopangiwa. Anaposema mababu, anachokiogopa ni lori kama lile lililowahamisha. Na asichokijua mwenyewe ni kwamba zaidi ya miaka hamsini imepita, bado hajahamia.

Hapa ndipo kijana hukimbilia kisengere nyuma. 1971, rangi ya kijivu, mtoto analia, lori linatimua vumbi, na ilimba, ala ya muziki ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, inalia kwa mbali. (Nisisahau: marehemu Hukwe Zawose aliufikisha muziki wa Wagogo kwenye majukwaa ya dunia, na ilimba imeimba furaha, kejeli na harusi. Kuipiga kila mzee wa Kigogo anapohuzunika ni uvivu, na inawaudhi wenye ilimba yao.)

Badala ya lori, tumpe mlango. Mlango wa nyumba ya mzee haukupigiliwa bawaba; umefungwa kwa waya kwenye mhimili. Mara ya kwanza tunauona Sechelela anapofika: inabidi auinue kidogo ndipo ufunguke, anaguna, anaingia. Ni mlango mbovu wa mzee anayeishi peke yake, basi. Mara ya pili dalali, shati limepigwa pasi, anausukuma kama milango ya watu wengine, na unamwangukia pamoja na vumbi lake. Ukumbi mzima unacheka. Mara ya tatu, karibu na mwisho, mzee anakunjua waya kwa vidole viwili, anautoa mlango kwa muda mfupi kuliko unavyodhani, anaubeba begani. Mtu ambaye amejenga nyumba yake akiwa tayari kuondoka nayo. Hakuna anayeeleza chochote, na hakuna anayepaswa kueleza.

Anton Chekhov, mwandishi wa tamthilia wa Kirusi, aliwaonya waandishi kuhusu bunduki inayowekwa jukwaani halafu isije ikapigwa. Onyo hilo wengi wamelisikia. La kuongeza ni hili: kitu kitakachobeba maana mwishoni kipewe kazi halali mwanzoni, na kama inawezekana kichekeshe katikati. Kicheko ni kificho kizuri kuliko giza na muziki mzito, kwa sababu mtu akishakicheka kitu huamini kwamba kimemaliza kazi yake.

Na kabla hujaandika mlango wa namna hiyo, nenda ukakae na aliyehamishwa. Wapo Chamwino, wapo Mpwapwa, wapo Kongwa. Atakutajia kitu alichokibeba siku ile ambacho kichwa chako kisingekibuni.

Picha ya droni si mandhari

Filamu inayotaka kutuambia iko Dodoma huanza angani: paa la Bunge, barabara pana, Nyerere Square, kisha inashuka kwenye sebule yenye makochi makubwa na televisheni, sebule ambayo ingeweza kuwa Mbezi au Arusha. Mahali hapo hapafanyi kitu. Mandhari inaanza kuwa na kina pale mahali panapowalazimisha watu kuamua.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Ndiyo maana hadithi yetu imewekwa Novemba. Huu ni mwezi wa kuandaa shamba. Mzee akipanda, dai lake linapata mizizi mpaka mavuno, na Sechelela anajua. Kila wingu linalokusanyika upande wa mashariki ni saa inayogonga. Hamisha hadithi hadi Julai, upepo baridi na mashamba matupu, na ile haraka inakufa, hata kama hujagusa sentensi moja ya mazungumzo.

Au badilisha zao. Mtu mwenye mtama anaweza kuhama baada ya mavuno. Mwenye zabibu amesimika nguzo, amevuta waya, amesubiri mizabibu ikue, na sasa anavuna mara mbili kwa mwaka. Ukimpa mhusika shamba la zabibu huhitaji kumwandikia hotuba ya kupenda ardhi. Lakini Mzee Ndahani hana zabibu, wala hangeweza kuwa nazo. Mtu mwenye mlango wa waya hapandi kitu kinachodai miaka.

Hata namna ya kufika ina habari yake. Reli ya Wajerumani iliingia Dodoma mwaka 1910, na treni ya SGR, reli ya kisasa, kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria mpaka hapa mwaka 2024. Sechelela akija kwa basi na begi kubwa, amekuja kukaa. Akija kwa SGR na mkoba tu, anaweza kuwa amerudi Dar es Salaam kabla ya kulala. Baba halijui hilo mpaka anapouliza, akiendelea kufunga miiba: "Treni yako saa ngapi?" Swali la kawaida kabisa, na ndani yake baba ameshapima binti yake kamtengea muda gani.

Kuna namna nyingine ya kulijenga tabaka la mahali, nayo ni kuwaweka watu wawili mbele ya kitu kimoja. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mgeni akifika anaona wanyama waliochorwa kale, anatoa simu anapiga picha. Kwa baadhi ya wenyeji, mwamba kama ule wa Mungomi wa Kolo ni mahali pa tambiko mpaka leo. Mweke kijana mwongoza watalii katikati yao, bibi yake akiwa mmoja wa wanaotambika. Mtalii anamwambia asogee kidogo, yuko mbele ya kamera. Kijana anasogea. Amesogea upande gani, hiyo ndiyo sini yako.

Watazamaji wetu hawaelewi?

Hoja hii nimeisikia sana kwa maprodyuza, na ina mzizi. Wengi wetu tulijifunza sinema vibandani, kibanda umiza, ambako mtafsiri mwenye maiki alituambia kila kitu: huyu jamaa hapo anamdanganya, subirini muone, yule mwanamke si mtu mzuri. Ilikuwa burudani ya aina yake, na wale watafsiri walikuwa wasanii hasa. Lakini mazoea yakabaki, na sasa wahusika wenyewe wanajitafsiria.

Kusema kwamba hadhira haielewi lisilosemwa ni kuisahau hadhira yenyewe ni nani. Ni watu waliolelewa kwa vitendawili, wanaojua mwanamke aliyevaa kanga yenye maneno fulani akapita mlangoni kwa jirani amesema nini, na jirani hahitaji mkalimani. Ni watu wenye watani misibani, ambao maneno ya mtani wanayapokea kwa uzito tofauti na maneno yale yale yakitoka kwa mtu mwingine. Hadhira hiyo haihitaji kufundishwa kusoma tabaka la ndani. Inahitaji kupewa la kusoma.

Wapo pia wanaodhani kina ni ujanja wa kuikwepa Bodi ya Filamu, inayokagua filamu, na ile sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976. Ni kweli kubanwa kunaweza kunoa kalamu: studio za Hollywood zilifanya kazi chini ya kanuni kali za maadili zilizosimamiwa kuanzia 1934 hadi 1968, na waandishi wa wakati huo walijifunza kusema mengi kwa mlango uliofungwa na sigara iliyozimwa. Ila kitu kilichofichwa kwa ajili ya mkaguzi peke yake kinakwisha maana mkaguzi akiondoka. Sechelela anamficha baba yake, si Bodi.

Kwa anayetaka kuanza kesho, asianze na filamu nzima. Achukue sini moja aliyokwisha kuiandika, afute kila mstari ambao mtu anataja hisia zake mwenyewe, awape wahusika kazi ya mikono yenye mwisho wake (kuchambua dagaa, kubadilisha tairi, kuziba zizi), kisha amsomee mtu asiyeijua hadithi. Asimuulize umeelewa? Kila mtu hujibu ndiyo. Amuulize: unadhani yule binti atafanya nini baadaye? Akijibu kwa uhakika na akaitaja sababu ambayo haikusemwa, tabaka lipo. Akijibu sijui, pengo liko kwenye sini zilizotangulia, si kwenye hii. Na kwa tamthilia ya dakika kumi, tabaka moja linatosha. Wanaorundika matano hawapati hata moja.

Linabaki suala la prodyuza anayetaka ujumbe uonekane. Atakwambia watu wanataka funzo, weka mahali mzee anasema ardhi ni urithi. Kubishana naye mara nyingi ni kupoteza kazi. Mpe sentensi yake, lakini chagua nani wa kuisema. Usimpe mzee. Mpe dalali, akiwa amekaa kwenye kiti pekee cha nyumba, vumbi la mlango bado liko begani: "Mzee, ardhi ni urithi, naelewa kabisa." Halafu ataje bei, pungufu ya ile aliyoitaja jana.